BUNDUKI ZIKINYAMAZA: MAISHA YA AVOKA THADDEUS STEVENS WA MAREKANI

(Maneno ya kipindi cha redio juu ya amani na haki, yameandikwa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza)

 

Kuna maulizo yanayorudi kila mara katika vikundi vyetu. Watu wanauliza: vita ikiisha, sisi itakuwa je? Nitarudi wapi? Shamba langu nitalikuta mikononi mwa nani? Na yule aliyenifukuza, tutakaa naye namna gani kijiji kimoja?

Leo nitawaelezea maisha ya mtu mmoja aliyepambana na maulizo hayo katika nchi yake, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Alikuwa avoka, kisha mbunge. Jina lake Thaddeus Stevens, wa Marekani. Wengi wetu tumesikia jina la Raisi Abraham Lincoln. Huyu Stevens hajulikani sana kwetu. Lakini Lincoln aliuawa vita ikiwa inaisha, na Stevens ni mmoja wa wale waliobaki na kazi ya kujibu: sasa tunafanya nini? Jambo moja alilifaulu, lingine likamshinda. Tunapashwa kuyajua yote mawili.

1. ALITOKA WAPI

Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani. Alizaliwa na mguu mmoja uliopinda, akachechemea mpaka kufa kwake. Mnajua maneno yanayosemwa kijijini mtoto wa namna hiyo akizaliwa. Baba yake alikuwa mkulima na fundi viatu. Aliiacha jamaa yake, na mama, Sarah, akabaki peke yake na watoto wanne wa kiume.

Mama huyo hakuwa na mali, lakini alikuwa na shabaha moja: watoto wasome. Alihama na watoto mpaka kijiji cha Peacham, kwa sababu kule kulikuwa shule. Kwa jasho la mama huyo, Stevens alimaliza masomo ya juu katika Dartmouth College mwaka 1814. Kisha akaenda jimbo la Pennsylvania, akafundisha shule huku akisoma sheria. Mwaka 1816 alipokelewa kuwa avoka, akaanza kazi katika mji mdogo wa Gettysburg.

2. MAMA CHARITY BUTLER MBELE YA TRIBINALI

Wakati ule Marekani ilikuwa kama nyumba moja yenye milango miwili. Majimbo ya kusini yaliruhusu mtu kumiliki mtu mwenzake kama vile unavyomiliki mbuzi. Majimbo ya kaskazini yalikuwa yameanza kuukataa utumwa. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780: bwana akimleta mtumwa wake ndani ya jimbo na kumkalisha zaidi ya miezi sita, mtumwa yule anakuwa huru.

Mwaka 1821 mama mmoja mweusi, Charity Butler, alidai uhuru wake na wa watoto wake wawili. Bwana wake alikuwa wa Maryland, jimbo jirani lenye utumwa, lakini mama huyu alikuwa amevushwa mpaka Pennsylvania zaidi ya mara moja. Yeye alisema: mkijumlisha siku zote nilizokaa huku, zinapita miezi sita. Kwa hiyo niko huru.

Je, ni avoka gani aliyesimama upande wa pili, upande wa bwana wa watumwa? Ni Thaddeus Stevens. Alisema sheria inataka miezi sita mfululizo, bila kukatika, na kwamba siku za vipande vipande hazijumlishwi. Waamuzi wakamkubalia. Kesi akaishinda, na mama Charity na watoto wake wakabaki utumwani.

Kesi hiyo ninaifundisha kwa wakubwa wa mitaa, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo sisi tuliosomea sheria tunalijua vizuri: mtu anaweza kufuata sheria neno kwa neno, na mwisho wake mama na watoto wanapotea. Katika miaka iliyofuata Stevens aligeuka. Alijulikana kuwa avoka wa watumwa waliotoroka, mara nyingi bila kuomba malipo. Hakumwokoa Charity Butler, kwake ilikuwa imechelewa. Lakini wengine waliomfuata walimkuta Stevens upande wao.

3. SHULE KWA WATOTO WOTE

Mwaka 1833 watu wa Gettysburg na vijiji vyake walimchagua katika bunge la jimbo. Mwaka 1834 bunge lile lilipitisha sheria ya shule za bure kwa watoto wote, zitakazolipwa kwa kodi. Basi, matata yakaanza. Matajiri, na hata wakulima wa kawaida, wakalalamika: kwa nini mimi nilipe juu ya mtoto wa jirani? Mwaka 1835 seneti ya jimbo ikapiga kura ya kuifuta sheria ile. Hata watu wa kwake Stevens waliandika barua wakitaka ifutwe.

Aprili 1835 Stevens alisimama, akasema kinyume cha waliomchagua. Maneno yake yalikuwa rahisi: mtu asiyefanya kosa hata siku moja analipa kodi ya gereza na ya tribinali bila kunung'unika, basi mbona analalamika kulipia shule, ambayo itapunguza watu wa kuingia gerezani? Tena alisema sheria ya zamani, iliyotaka maskini waandikwe kuwa maskini ndipo watoto wasome bure, ilikuwa ya kuwapa watu haya. Wabunge wakabadilika, na shule zikabaki.

Miaka michache kisha, 1837 na 1838, alikuwa kati ya watu waliotumwa kuandika upya katiba ya Pennsylvania. Katiba ile iliwanyang'anya wanaume weusi huru haki ya kupiga kura. Stevens alikataa kutia saini.

4. SHERIA YA DOLA KUMI NA DOLA TANO

Mwaka 1842 Stevens alihamia mji wa Lancaster, na kuanzia 1849 akaingia katika Bunge la nchi nzima, kule Washington. Katika nyumba yake ya Lancaster kazi zote zilisimamiwa na Lydia Hamilton Smith, mama mweusi wa damu iliyochanganyika, mwenye akili ya biashara, aliyenunua nyumba zake mwenyewe. Adui za Stevens walisema mengi mabaya juu ya jambo hilo. Yeye aliwataka wageni wake wamheshimu, na wao wakamwita Bibi Smith.

Mwaka 1850 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakamata watumwa waliokimbilia kaskazini. Sikilizeni vizuri namna ilivyokuwa. Mtu aliyekamatwa hakuruhusiwa kusema neno la kujitetea kama shahidi. Ofisa aliyekata maneno, akiamua kwamba huyu ni mtumwa, arudishwe, alilipwa dola 10. Akiamua kwamba huyu ni mtu huru, alilipwa dola 5. Na raia yeyote aliyekuwa pale aliweza kuamriwa kusaidia kumkamata.

Wakubwa wanaonisikia, jiulizeni: kama mkataji wa maneno anapata mara mbili akimpa haki upande mmoja, haki hiyo itakwenda wapi? Hata kama hakuna sheria inayosema hivyo, mbuzi ao kreti ya bia inayoletwa usiku kabla ya baraza inafanya kazi ile ile ya zile dola 10.

Tarehe 11 Septemba 1851 bwana mmoja wa Maryland, Edward Gorsuch, alifika na watu wake katika kijiji cha Christiana, karibu na Lancaster, kuwakamata watumwa waliotoroka kwake. Watu weusi wa pale, wakiongozwa na William Parker, walikataa, mapigano yakatokea, na Gorsuch akauawa. Parker alikimbilia Kanada. Serikali ikashitaki watu 38 kosa la kuasi nchi, kosa linaloweza kumletea mtu kifo. Wa kwanza kuhukumiwa alikuwa Castner Hanway, mzungu mwenye kinu cha kusaga. Alikuwa amefika pale juu ya farasi, akaamriwa kusaidia kukamata, akakataa.

Stevens alikuwa mmoja wa avoka wake katika kesi iliyofanyika Philadelphia. Ulizo lilikuwa: je, mtu akikataa kumshika mwenzake ili apelekwe utumwani, ameinua silaha juu ya nchi yake? Watu 12 wa kawaida walioapishwa kuamua walijitenga kwa muda wa karibu dakika 15 tu, wakarudi wakisema: hana kosa. Kesi ya kuasi ya wale wengine nayo ikaanguka.

5. VITA

Mwaka 1860 Lincoln alichaguliwa kuwa Raisi. Majimbo 11 ya kusini yakajitenga ili kulinda utumwa, na Aprili 1861 vita ikaanza. Ilidumu miaka minne, ikaua zaidi ya watu 600,000. Wahenga wetu walisema: wapiganapo tembo, nyasi ndizo zinazoumia.

Stevens aliongoza tume ya Bunge iliyotafuta pesa za kuendesha vita. Tangu mwanzo alimsukuma Lincoln awape watumwa uhuru. Juni 1863 jeshi la kusini liliingia Pennsylvania. Jenerali Jubal Early aliamuru kiwanda cha chuma cha Stevens, kilichoitwa Caledonia, kichomwe moto. Kila kitu kikateketea. Stevens alijisumbua zaidi juu ya jamaa maskini za wafanyakazi wake, waliobaki bila kazi na bila chakula, akaona ni juu yake kuwasaidia. Basi, huyu mtu alijua kwa mali yake mwenyewe namna vita inavyofukarisha.

Tarehe 31 Januari 1865 Bunge lilipiga kura, 119 kwa 56, kukomesha utumwa katika nchi nzima. Hiyo inaitwa Nyongeza ya 13 ya Katiba, na ilikubaliwa na majimbo mwezi Desemba mwaka ule ule. Watu karibu milioni 4 waliokuwa watumwa wakawa huru. Aprili 1865 jeshi kubwa la kusini likaweka silaha chini. Siku chache kisha, Lincoln akapigwa risasi.

6. SILAHA CHINI, LAKINI AMANI IKO WAPI?

Hapa ndipo maneno yanapotuhusu zaidi. Bunduki zilinyamaza. Watu walicheza, wakaimba, wakamshukuru Mungu. Lakini mtu aliyetoka utumwani alikuwa na nini? Hakuwa na shamba wala nyumba, hakuwa na karatasi, hakuwa na haki ya kupiga kura. Wengi walitembea barabarani wakitafuta watoto wao ao wake zao waliouzwa mbali.

Raisi mpya, Andrew Johnson, mtu wa jimbo la Tennessee, alitaka mambo yaishe upesi. Aliwasamehe wakubwa wa kusini kwa wingi, akawarudishia mashamba, akaacha waunde serikali zao. Na wao walifanya nini? Mwishoni mwa 1865 na mwaka 1866 walitunga sheria za kuwabana watu weusi. Katika jimbo la Mississippi, mtu mweusi alipashwa kuonyesha kila Januari karatasi ya kwamba ana kazi na makao. Asiye nayo alihesabiwa kuwa mzururaji, akatozwa faini. Asipoweza kulipa, alikodishwa kwa tajiri amfanyie kazi. Tena walikatazwa kupanga shamba nje ya mji. Utumwa ulifukuzwa kwa mlango wa mbele, ukarudi kwa dirisha.

Katika mji wa Memphis, Mei 1866, watu weusi 46 waliuawa, na makanisa yao na shule zao zikachomwa. Ndiyo maana nasema: kuweka silaha chini ni siku moja. Amani ni kazi ya miaka mingi.

7. NGUZO YA KWANZA: SHERIA MOJA KWA WOTE

Desemba 1865 wajumbe wa kusini walifika Washington, wakitaka kuketi Bungeni kana kwamba hakuna kilichotokea. Stevens na wenzake walikuwa wamepanga mambo. Majina yalipoitwa, ya wale wa kusini hayakusomwa. Ikaundwa tume ya wabunge 9 na maseneta 6 kuchunguza hali ya kusini. Tume ilisikiliza mashahidi, weusi na weupe, wakieleza namna watu wanavyoishi kule.

Katika kazi hiyo ikatoka Nyongeza ya 14 ya Katiba. Maneno ya sehemu yake ya kwanza yaliandikwa hasa na mbunge John Bingham, na Stevens ndiye aliyeisukuma mpaka ikapita Bungeni Juni 1866. Ilikamilika Julai 1868. Inasema mambo ambayo mnaweza kuyahesabu kwa vidole. Kwanza, karibu kila mtu aliyezaliwa katika nchi ile ni raia wake. Pili, hakuna jimbo linaloweza kumnyang'anya mtu uhai, uhuru ao mali yake bila kufuata njia ya haki. Tatu, hakuna jimbo linaloweza kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria.

Stevens hakufurahi kabisa. Nyongeza ile haikuwapa weusi kura moja kwa moja. Akasema waziwazi kwamba aliota kitu kizuri zaidi, lakini anakubali hiki, kwa sababu anaishi kati ya watu, si kati ya malaika. Akina mama nao walikuwa na sababu ya kusikitika: kwa mara ya kwanza neno "mwanamume" liliingia katika Katiba ile mahali panaposemwa juu ya kura, nao wakangoja mpaka 1920.

Mwaka 1867 Bunge, kinyume cha Raisi Johnson, liliweka majimbo 10 ya kusini chini ya ulinzi wa jeshi, likaamuru wanaume weusi wapige kura katika kuunda serikali mpya. Watu waliouzwa sokoni miaka michache mbele wakachagua, na wakachaguliwa.

Ninyi mnaosikiliza, maneno yale ya ulinzi sawa si mageni kwetu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria, na wote wana haki ya ulinzi sawa wa sheria. Haisemi wenye kabila kubwa tu, wala wale tu ambao hawakukimbia.

8. NGUZO YA PILI: PAHALI PA KULIMA

Sasa tufike kwenye jambo lililomshinda.

Januari 1865, vita ikiwa bado, Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu waliotoka utumwani mashamba yaliyoachwa na mabwana kwenye pwani ya South Carolina na Georgia. Kila jamaa ilipewa mpaka ekari 40, ni kusema karibu hekta 16. Watu karibu 40,000 wakaingia, wakajenga, wakapanda. Kisha Raisi Johnson akaamuru mashamba yarudishwe kwa wenyewe wa zamani. Oktoba 1865 Jenerali Oliver Howard, aliyesimamia kazi ya kuwasaidia watu wale, alitumwa mpaka kisiwa cha Edisto kuwaambia katika kanisa lao kwamba wapashwa kutoka ao kufanya mapatano na bwana wa zamani. Watu walilia. Wakaandika barua kwa Howard na kwa Raisi, wakieleza kwamba wanaombwa kumsamehe mtu aliyewapiga, nao hawana hata pahali pa kusimama. Wengi waliondolewa.

Stevens alisema tangu Septemba 1865, katika hotuba kule Lancaster, kwamba uhuru bila shamba ni maneno. Hakudai kunyongwa kwa walioshindwa. Kwa maoni yake adhabu ya kifo haikufaa. Alichotaka ni kuchukua mashamba makubwa ya wakubwa wa uasi, watu karibu 70,000 kwa hesabu yake, na kumpa kila mwanamume aliyetoka utumwani ekari 40. Maskini weupe wa kusini wasiguswe. Machi 1867 alileta mpango huo Bungeni kwa maandishi. Haukupita. Hata wenzake wa chama waliogopa: leo tukigusa mashamba ya kusini, kesho watu watataka ya kaskazini.

Ndugu zangu, msinisikie vibaya. Sisemi kwamba mtu aende kunyang'anya shamba la jirani. Hiyo inaleta vita nyingine. Tena wako wanaosema mpaka leo kwamba Stevens alikuwa mkali mno na kwamba ulimi wake uliumiza watu. Ni kweli ulimi wake ulikuwa wembe. Lakini angalieni matunda. Watu weusi walibaki wakilima mashamba ya mabwana wa zamani na kugawana mavuno, na kila mwaka wengi walijikuta na deni. Mtu mwenye deni kwa mwenye shamba anapiga kura namna gani? Anamshitaki namna gani aliyempiga mtoto wake? Haki ilikuwa kwenye karatasi, lakini tumbo lilikuwa mikononi mwa mwingine.

9. MWISHO WAKE

Mwaka 1868 Stevens alikuwa mzee na mgonjwa. Katika kesi ya kumwondoa Raisi Johnson ilibidi abebwe juu ya kiti mpaka Bungeni. Seneti ilipiga kura 35 kwa 19, ikapungua kura moja tu. Stevens alikufa Washington usiku wa tarehe 11 Agosti 1868, akiwa na miaka 76. Bibi Lydia Smith alikuwa kando ya kitanda chake, pamoja na mpwa wake na watawa weusi waliomwombea. Maiti yake ililazwa katika jengo la Bunge, ikilindwa na askari weusi.

Halafu kukaja jambo la kaburi. Makaburi makubwa ya Lancaster yaliwakataa watu weusi. Stevens alikuwa amechagua mbele ya kufa kwake kiwanja kidogo kilichopokea watu wote. Juu ya jiwe lake kumeandikwa kwamba alipachagua ili katika kifo aonyeshe lile alilotetea maishani: usawa wa watu mbele ya Muumba wao. Katika wasia wake aliacha pesa kwa ajili ya nyumba ya yatima, akaagiza watoto wasibaguliwe kwa rangi wala kwa asili, na wote wale kwenye meza moja. Pesa hizo zilizaa shule ya ufundi iliyofunguliwa mwaka 1905, na inafanya kazi mpaka leo kwa jina lake.

10. KISHA IKAWA NINI?

Mwaka 1877 serikali iliondoa ulinzi wa askari katika kusini. Wakubwa wa zamani wakarudi kwenye viti. Kwa vitisho, kwa kuua watu na kwa sheria za hila, weusi wakanyang'anywa kura. Mwaka 1896 tribinali kuu ya Marekani ikakubali kwamba weusi na weupe watenganishwe.

Lakini Nyongeza ya 14 haikufutwa. Ililala kama mbegu wakati wa kiangazi. Mwaka 1954 mavoka weusi na weupe waliichukua, na tribinali kuu ikaamua, kwa maneno yale yale ya ulinzi sawa wa sheria, kwamba kutenganisha watoto shuleni ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1965 ikatoka sheria ya kulinda kura ya kila mtu. Hesabuni wenyewe: kutoka 1868 mpaka 1965 ni miaka 97. Hiyo ndiyo gharama ya amani iliyosimamishwa juu ya nguzo moja, nayo ikaachwa bila walinzi.

11. SISI TUSHIKE NINI?

Kwa wakubwa wa vijiji na mitaa. Kumbukeni Charity Butler na zile dola 10 na 5. Mbele ya kukata maneno, jiulizeni uamuzi wenu utamwacha nani bila chochote. Aliyekimbia hakutupa shamba lake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wahamishwa wa ndani zinasema wenye mamlaka wana kazi ya kuwasaidia wanaorudi kupata tena mali waliyoiacha, na kama haiwezekani, wasaidiwe kupata fidia ya haki. Tena mtu asinyimwe haki kwa sababu alihama.

Kwa jamaa zilizohama. Watu wa Edisto waliandika, na kwa sababu waliandika, maneno yao yapo mpaka leo. Wekeni karatasi zenu pamoja, hata zile zilizochakaa. Asiye na karatasi, akae na wazee waliomjua, aandike mipaka ya shamba lake: mto, mti, jirani wa kulia na wa kushoto. Waandikeni mashahidi ilhali wangali hai. Msingoje siku ya kurudi.

Kwetu sote. Kidole kimoja hakiui chawa. Stevens peke yake hakuweza. Alipopata wenzake sheria ilipita, na walipomwacha katika jambo la mashamba, ilianguka. Tukiitisha masikilizano kati ya waliobaki na wanaorudi, tuweke mezani mambo yote mawili: sheria moja kwa kila mtu, na pahali pa kila mtu pa kulima na kulala. Tukizungumza moja na kunyamazia lingine, tunawaachia watoto wetu kazi ya miaka 97.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wenu, ni wakati gani sheria ao desturi ilifuatwa vizuri, lakini mtu akaumia bila haki?
2. Anayekata maneno ya mashamba kwenu analipwa na nani? Je, pande zote mbili zinajua?
3. Jamaa inayorudi ikikuta mtu mwingine katika shamba lake, naye pia ni maskini aliyehama, mtawasikilizanisha namna gani bila kumwacha mmoja barabarani?
4. Je, wajane na watoto wa kike wanahesabiwa mnapozungumzia mashamba?

Zungumzeni bila kukasirishana, na mwenye kuandika aandike mnayokubaliana.  Amani iwe katika nyumba zenu, na kwa wale ambao bado hawana nyumba, amani iwatangulie njiani.